Nyama Ionje Moto Kabla ya Maji

JIKONI KWA SHANGAZI: maswali yenu, majibu kutoka Tanga

Toleo lililopita, nikieleza futari ya nyumbani kwangu, niligusia kwa mistari mitatu tu supu ya makaroni na soseji ya mtindo wa Kiitaliano. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua na jumbe za simu zimekuja nyingi kuliko siku nilipoandika habari za pweza. Nimechagua saba. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana nusu yenu mna tatizo hilohilo, mmebadilisha mitaa tu.

Shangazi, shikamoo. Nilijaribu ile supu yako. Nilitia soseji za pakiti, nyanya, vitunguu, karoti na maji, vyote pamoja, vikachemka, nikamimina pakiti nzima ya makaroni, nikaiacha kwenye mkaa mpaka baba watoto arudi kazini. Kilichotoka ni uji wa rangi ya waridi na soseji zinaelea juu kama maboya. Watoto wameokota soseji, supu wamemwaga. Nimekosea wapi? (Mama wa watatu, Makorora)

Marahaba, mwanangu, na pole kwa sufuria. Makosa ni matatu, na yote yana mama mmoja: umepika supu ya Kiitaliano kwa desturi ya supu yetu.

Sisi supu tunaianzia majini. Nyama ya mifupa, maji, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, ndimu ikija mwishoni. Pita Ngamiani saa kumi na mbili asubuhi utaikuta inatokota, chapati ziko pembeni. Utamu wake umo kwenye mfupa na kwenye saa nyingi za moto mdogo, wala siitoi kasoro. Hii nyingine haina mfupa na haina saa nyingi. Utamu wake unatengenezwa chini ya sufuria kabla tone la maji halijaingia. Nyama inatiwa kwenye mafuta ya moto, inaachwa ishike, ivae ganda la kahawia, na ule ukoko unaobaki chini ndio unaokuja kuwa supu. Maji hata yachemke vipi hayapiti nyuzi 100, na ganda la kahawia linataka nyuzi 140 hivi na kuendelea. Nyama ikishatangulia majini, ukeshe nayo usikeshe nayo, itabaki ya kijivu.

Mimi hili nililijua kwa kupigwa kibao cha mkono. Miaka ya tisini nilikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kiitaliano aliyepanga nyumba Raskazoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuonyesha kwa kidole, na Kiitaliano changu hakikuwepo kabisa. Siku ya kwanza tulipopika supu hii niliinua jagi la maji mapema, kwa mazoea, naye akanipiga kofi dogo juu ya kiganja kama mtu anavyomfukuza kuku. Akachukua mwiko, akakwangua ukoko chini ya sufuria, akanilambisha. Ulikuwa na chumvi, utamu na uchungu kidogo kama wa kahawa. Akasema neno moja la Kiswahili alilokuwa nalo vizuri: "Hii." Basi nikaelewa somo lote.

Sasa soseji. Hizo za pakiti ulizonunua, laini kama mpira, zimeshasagwa mpaka zikawa uji, nyingi zimetiwa unga, na zimeshapikwa kiwandani. Ukizichemsha hazina cha kukupa, zinakunywa supu yako tu. Soseji wanayotumia Waitaliano ni nyama mbichi iliyosagwa kwa matundu makubwa, ina chumvi na viungo, na wanaiita salsiccia. Hiyo tutaitengeneza wenyewe, wala haina kazi.

Chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, umwambie muuza nyama aisage mbele ya macho yako. Usitake steki tupu. Soseji ya kule ina mafuta robo hivi ya uzito wake, kwa hiyo mwombe achanganye kidari au atupie kipande cha shahamu. Watu wa bucha wakikuona mama mwenye heshima zako wanakuondolea mafuta kwa adabu. Siku hiyo waambie adabu waiweke kando.

Kaanga vijiko 2 vya chai vya mbegu za shamari, zile wengine wanaziita bizari tamu, kwenye kikaango kikavu, dakika moja, mpaka harufu ifike sebuleni. Tia kinuni uzipondeponde, zivunjike lakini zisiwe unga. Shamari ndiyo inayomfanya mtu aonje akasema hii si mchuzi wa kwetu. Changanya na nyama, chumvi kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko, punje 3 za kitunguu saumu zilizotwangwa, pilipili kavu ya kuwasha kadiri ya ulimi wako, na siki kijiko 1 cha chakula mahali pa mvinyo ambao wenzetu huutia. Kisha kanda. Kanda kama unga wa chapati, dakika 3 au 4, mpaka nyama ianze kunata, kiasi kwamba ukigeuza kiganja chini isidondoke. Chumvi ndiyo inayoinatisha. Hapo ndipo soseji inapoachana na nyama ya sambusa: ya sambusa tunaitaka chembechembe, hii tunaitaka ishikamane. Ifunike, ikae kwenye friji saa moja. Utumbo wa kuijazia ndani hauhitajiki. Hata Waitaliano, wakitaka kupika supu hii, huipasua soseji wakatoa nyama iliyomo.

Sufuria iwe nzito. Kama unatumia mkaa, puliza majivu yote na ungoje makaa yawe mekundu, kwa sababu moto wa kufa unaifanya nyama itoe maji ijichemshe yenyewe. Tia mafuta vijiko 2 vya chakula. Nyofoa nyama vidonge vya ukubwa wa kaimati ndogo, vipange vikiwa vimeachana, halafu usivikoroge. Najua hapa ndipo pagumu. Mkono wa mwanamke wa Tanga ukishashika mwiko hautulii. Uweke chini huo mwiko, ufute meza, mjibu jirani dirishani. Baada ya dakika 3 jaribu kugeuza kidonge kimoja: kikikataa kubanduka bado hakijawa tayari, kikiwa tayari kitaachia chenyewe. Geuza, dakika 2 nyingine, vitoe uweke kwenye sahani. Kama sufuria ni ndogo fanya mara mbili. Vikibanana vinatoa mvuke, na mvuke ni maji yaleyale niliyokukataza.

Kwenye mafuta hayohayo tia vitunguu maji 2, karoti 2 na mabua 2 ya seleri, vyote umevikata vidogo kama kachumbari. Seleri zinashuka kutoka Lushoto na siku nyingi utazipata soko la Mgandini. Ukizikosa tumia mabua ya giligilani. Punguza moto. Dakika 10 hadi 12, vilainike, visiungue. Waitaliano wana jina maalumu la kitunguu, karoti na seleri vikikaangwa pamoja hivi, soffritto, na mapishi yao mengi yanaanzia hapo kama yetu yanavyoanzia kwenye kitunguu na nyanya.

Hapa ninaongeza kitu ambacho yule mama wa Kiitaliano hakunifundisha. Wao huwa wanatupia supuni kipande cha ganda gumu la jibini ya Parmigiano ili kuipa uzito mdomoni, au wanayeyusha samaki wadogo wa chumvi kwenye mafuta. Ganda la jibini sina. Samaki wadogo ninao. Dagaa wetu wa baharini, hawa wa soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga, ni ukoo mmoja na wale samaki wao wa kopo. Kwa hiyo nakaanga dagaa wakavu 7 au 8, nakata vichwa, natwanga unga, naunyunyiza kwenye vitunguu. Hakuna atakayejua kuna dagaa. Atajua tu kwamba supu imekaa vizuri. Ukizidisha wakafika 20 umepika kitu kingine, usinilaumu.

Fuatisha vijiko 2 vya nyanya ya kopo, ile nzito, ukaange mpaka wekundu wake ugeuke kama tofali. Kisha nyanya mbivu 5 ulizozikwaruza. Maji ya nyanya yakishuka, kwangua chini ya sufuria kwa mwiko wa mti, kwangua kila pembe, ule ukoko wote upande. Ndipo utie maji ya moto, lita 2, au supu ya mifupa kama unayo. Funika, moto mdogo, dakika 25. Rudisha vidonge vya nyama pamoja na vikombe 2 vya kunde ulizozichemsha pembeni zikaiva. Dakika 10 tena. Tia mkono mmoja wa sukuma wiki iliyokatwa. Kule Toscana, mkoa wa Italia, wana kabeji ya majani meusi wanayoipenda sana kwenye supu, na sukuma wiki ni aina moja nayo kabisa, tofauti ni sura. Mchicha hautanifaa hapa, unalegea kabla hujageuka.

Makaroni ndiyo ya mwisho kabisa, na hapa ndipo penye kosa lako la tatu. Kwa watu 6 tia gramu 200, yaani nusu ya pakiti ya gramu 400. Soma dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, upunguze 2, uzime moto, uite watu. Wao waje kwenye supu, supu isiwangoje wao. Makaroni hayajui kushiba. Yakikaa kwenye maji ya moto yanaendelea kunywa hata moto ukiwa umezimwa, na wanga wake unaachia, ndiyo ukapata uji. Kama unajua baba watoto hana saa ya kurudi, chemsha makaroni kwenye sufuria yake, yachuje, yapake mafuta kidogo, uyatie bakulini kila mtu anapokaa. Inaongeza chombo kimoja cha kuosha, na inaokoa ndoa.

Nisijifanye mjuzi. Mwezi wa Ramadhani mmoja nilialika watu 20, nikapika supu hii sufuria kubwa, nikatia makaroni magharibi ilipokaribia. Walipofuturu kwa tende na uji wakaamua waswali kwanza, halafu wakaketi barazani kwa mazungumzo, halafu tarawehe. Waliporudi nilifunua sufuria nikakuta bokoboko. Mwiko ulisimama katikati peke yake. Shemeji yangu mmoja, Mungu ampe kheri, alikata kipande kwa kisu akala kwa mkono akasema ni kitamu. Nilijua ananionea huruma.

Mezani: kamulia ndimu kidogo, na uchane majani ya mrehani juu. Ndiyo, mrehani huohuo tunaoutia kwenye kikuba pamoja na asumini. Waitaliano wao wanautia kwenye chakula na ni mmea uleule. Mara ya kwanza nilipoutia, mume wangu alinusa bakuli, akaniangalia, akauliza leo kikuba kimedondokea mchuzini au kuna ujumbe. Jibini ukiwa nayo ngumu ya kukwaruza, kwaruza. Ukikosa, fanya kama maskini wa kusini mwa Italia walivyofanya walipokosa hela ya jibini: chukua boflo la jana, livuruge, likaange kwa mafuta na kitunguu saumu mpaka liwe kahawia na kukwaruza meno, unyunyize juu. Mimi kwa kweli napenda hili kuliko jibini.

Shangazi, huku Lushoto maharage yangu ya supu hayaivi. Nayatia pamoja na nyanya tangu mwanzo, saa tatu bado yana moyo. Hata makaroni yanachukua muda kuliko yaliyoandikwa kwenye pakiti. Ni gesi yangu au? (Mwalimu, Lushoto)

Gesi yako haina kosa, Mwalimu. Uko juu. Lushoto iko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 95 au karibu na hapo, wakati mimi huku pwani nina 100 kamili. Nyuzi 5 zinaonekana chache, ila kwa punje ya maharage ni nyingi. Makaroni yape dakika 2 au 3 za ziada, uonje, usiiamini pakiti iliyoandikwa na watu wa bondeni.

Lakini kosa kubwa ni nyanya. Ukali wa nyanya, ndimu au siki unayafanya maganda ya maharage yakaze. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe peke yake na maji mapya mpaka yaive kabisa, ndipo yakutane na nyanya. Magadi kidogo sana, yale ya kushika kwa ncha za vidole viwili, yanasaidia; yakizidi supu inanuka sabuni. Na yachemke kwa kutokota kweli, nusu saa ya kwanza usiyabembeleze. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha, na moto wa vuguvugu hauiui.

Bwana Yesu asifiwe, Shangazi. Mimi natumia kitimoto. Je, maelezo ni yaleyale? (Msomaji, Korogwe)

Nyumbani kwangu haiingii, ndugu yangu, lakini swali ni halali na soseji ya asili ya Kiitaliano mara nyingi ni ya nguruwe, kwa hiyo wewe uko karibu na wenyewe kuliko mimi. Vipimo ni vilevile. Shahamu usiongeze, inayo yake. Tafuta sehemu ya bega. Ukiona mafuta yamezidi baada ya kukaanga, chota uache kama vijiko 2. Vidonge viive mpaka katikati pasibaki wekundu wowote. Habari za minyoo ya tegu unazijua. Na kwa hilo hata sisi wa ng'ombe tusijidai: nyama ya kusaga, ya mnyama yeyote, ilishashikwa na mashine nje na ndani, haifai kuliwa nusu mbichi kama steki.

Shangazi mambo. Nina sufuria moja, jiko la gesi dogo, friji sina. Naweza? (Kijana wa gheto, Chuda)

Shangazi haulizwi mambo, anaamkiwa. Marahaba.

Unaweza. Nunua robo kilo ya nyama siku hiyohiyo, ikande, uipike ndani ya saa moja, usiiache mezani ukaenda kutazama mpira. Joto letu la nyuzi 30 na kitu halina urafiki na nyama ya kusaga. Kaanga nyama, itoe uweke juu ya mfuniko, endelea na vitunguu kwenye sufuria hiyohiyo. Kunde za kuchemsha zinauzwa jioni, nunua kikombe kimoja. Na makaroni si lazima: vunja spageti kwa mkono vipande vya urefu wa kiungo cha kidole. Watu wa Napoli wanafanya hivyo kwenye supu zao za maharage, tena wana desturi ya kukusanya mabaki ya pakiti zote, fupi, ndefu na zilizovunjika, wakazipika pamoja. Gheto lako na Napoli mtaelewana. Pika ya kuisha. Ikibaki, mwite wa chumba cha pili.

Shangazi, huku Pangani bila tui chakula hakijaiva. Nikitia nazi kwenye supu hii? (Bi harusi mpya, Pangani)

Hongera kwa ndoa. Tia, mwanangu, nani atakukataza na minazi iko mlangoni. Ila fanya kwa akili. Punguza nyanya ziwe 3, ndimu iache kabisa, na lile tui zito litie baada ya makaroni kukaribia kuiva, moto mdogo, ukoroge lisikatike. Dagaa waache wabaki, wanapendana na nazi. Shamari punguza nusu, maana ni tamu na tui ni tamu, vikikutana vinakupeleka kwenye tambi za sukari. Nilijaribu mara mbili na mara ya pili ilikuwa nzuri. Ukimpa mtu, mwambie ni mchuzi wa makaroni wa Pangani. Ukimwambia ni ya Kiitaliano na Mwitaliano yuko karibu, mimi hunijui.

Binti yangu, nasoma ukurasa wako kwa ajili ya mke wangu ambaye macho yamechoka. Supu ni ya ng'ombe na chapati. Haya makaroni na soseji ni ugeni tu, mnatuharibia vijana. (Mzee, Barabara ya 12, Ngamiani)

Shikamoo, Mzee wangu, na msalimie mama. Sibishani na supu ya ng'ombe, nimeshaisifu hapo juu. Ila kuhusu ugeni nipe nafasi kidogo.

Kunde ninazowaambia watu watie ni mali ya Afrika tangu asili. Warumi walizila kabla hawajawahi kuona maharage haya mengine, ambayo pamoja na nyanya yalitoka bara la Amerika baada ya 1492. Nyanya zenyewe zinaanza kutajwa Italia miaka ya 1540, na zilikaa muda mrefu watu wakiziogopa. Soseji ya Warumi, waliyoiita lucanica kwa jina la jimbo la Lucania kusini mwa Italia, mapishi yake yaliyoandikwa yana pilipili manga na bizari nyembamba, hii ya pilau yetu. Hiyo pilipili manga ilitoka India, na merikebu zilizoifuata zilikwenda na kurudi kwa pepo za msimu, hizihizi zetu za kaskazi na kusi. Na supu yenyewe, hii ya soseji iliyojaa shamari na makaroni pamoja, imekolea zaidi kwa Waitaliano waliohamia Marekani kuliko kwa waliobaki. Kati ya 1880 na 1920 walivuka zaidi ya milioni 4, wengi wao kutoka kusini, wakakuta nyama kule ni rahisi kuliko kwao, basi chakula cha maharage na tambi cha maskini kikapata nyama. Kwa hiyo nayo ni mgeni kwa wenyewe.

Chapati unayoitetea, Mzee wangu, na yenyewe ilishuka bandarini na watu wa India. Ilikaa, ikaoa, ikapata watoto. Sisemi makaroni yaingie kwenye supu yako ya asubuhi. Nasema jioni ya masika, mvua ya Tanga inapiga bati na hakuna wa kutoka, mama akikupikia bakuli moja usirudishe kabla hujaonja. Chapati chovyea, sitamwambia mtu.

Shangazi, shamari nimetafuta duka mbili Muheza wananipa vitu tofauti. Nitaijuaje? (Muuza machungwa, Muheza)

Nenda duka la viungo linalouza kwa kupima, usichukue pakiti iliyofungwa. Shamari ni mbegu ndefu kidogo, kijani iliyopauka, ina mistari, nene kuliko bizari nyembamba. Wengine wanaiita bizari tamu. Ndizo wanazotafuna Wahindi baada ya kula. Omba punje 2, utafune palepale dukani: ikiwa tamu na kukuachia ubaridi mdomoni, ndiyo yenyewe, chukua gramu 50, zitakutosha supu kadhaa. Ikikukumbusha pilau, umepewa bizari nyembamba, irudishe. Na ukija mjini na machungwa, nipitishie pishi mbili, hela yako ipo.